Fundi Robo na Setilaiti Inayotangulia Dakika Nne

Saa tatu na dakika hamsini asubuhi, siku ya Jumamosi. Fundi Robo amepiga goti moja kwenye saruji ya uani, spana mkononi, kichwa amekiingiza chini ya dishi la futi kumi lililosimama kwenye nguzo ya chuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa fundi huyu una kutu, utando wa buibui na nati moja ndefu inayoinua na kushusha dishi zima.

Anaizungusha nati robo mzunguko. Anatulia, anasikiliza.

Kutoka dirishani kijiko kinagonga nondo mara moja.

"Imepanda," anasema polepole, kana kwamba akipaza sauti itashuka. Anaongeza robo nyingine. Kijiko kinagonga mara mbili. "Ee, hapo nimezidisha. Samahani, mama, narudi."

Ndani, hatua nne kutoka hapo, mkewe amelala kwa ubavu kwenye kitanda kilichosogezwa hadi chini ya dirisha. Ana kijiko cha chai mkononi na macho yake hayabanduki kwenye runinga. Kioo hakina picha bado. Kina mistari miwili tu, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake, na pembeni ya kila mstari kuna namba inayopanda na kushuka. Namba ya ubora ikipanda anagonga mara moja. Ikishuka, mara mbili.

Wana dakika kumi. Saa nne kamili binti yao ataonekana.

Binti huyo alifariki miaka sita iliyopita.

Mtaani hakuna anayemwita fundi huyu kwa jina alilopewa na wazazi. Ameitwa Robo kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kufunga madishi hajawahi kuzungusha nati zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja, na wateja waliosimama juani wakimsubiri walimpa jina hilo kwa hasira kabla halijawa la mapenzi. "Wenzangu walikuwa wanazungusha kama wanakoroga uji," anasema. "Wanapita juu ya setilaiti bila kujua wamepita, halafu wanamwambia mwenye nyumba eti mawingu."

Ana umri wa miaka sitini na mitatu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri tangu nguzo ilipomwangukia, na mgongo wake, kwa maneno yake mwenyewe, umeshachagua upande.

Enzi zake dishi kubwa lilikuwa fahari ya nyumba. Mwenye dishi la futi kumi uani alijulikana mitaa mitatu, na jioni sebule yake ilijaa majirani waliojifanya wamekuja kusalimia. Katika miaka ile mizuri Fundi Robo alifunga hadi madishi ishirini kwa mwezi. Mwaka huu ameitwa kwenye madishi makubwa manne, na matatu kati ya hayo aliitwa kuyang'oa.

"Moja nililifunga kwa siku mbili mfululizo, nikalala hapohapo kwa mteja," anasema. "Juzi nimepita, limelazwa chini, kuku wanataga ndani yake. Nikasema haya, angalau kuna kinachotoka."

Siku hizi anaishi kwa kufunga yale madogo, ya ukubwa wa sinia. Hayo, anasema, hata asiye fundi anafunga.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Aliye kwenye dishi haoni runinga, na aliye kwenye runinga hagusi dishi. Mafundi wengi humwomba mwenye nyumba asimame ndani na kupiga kelele, naye mwenye nyumba husoma mstari wa nguvu akiacha ule wa ubora, kwa vile wa nguvu ndio mrefu na unapendeza. Fundi hukaza nati, analipwa, anaondoka, na jioni picha inavunjika vipande vipande.

Fundi Robo alikuwa na mkewe. Kwa miaka ishirini na mitano mama huyo alipanda nyuma ya baiskeli, baadaye pikipiki, akaketi kwenye sebule za watu asiowajua na kusoma namba kupitia madirisha yao.

"Yeye nje anauliza, 'Ngapi?' Mimi ndani najibu, 'Arobaini na saba!' 'Ngapi?' 'Hamsini, usiguse!'" anakumbuka mama huyo. Anaongea maneno machache, anapumzika, kisha anaendelea. "Mtoto tulikuwa naye. Nimempakata, ananyonya, mimi nasoma namba. Ndiyo maana alijua kuhesabu kabla hajajua kutembea vizuri."

Mtoto huyo alikuwa wa pekee. Alikua, akasoma ualimu, akaenda mji mwingine, akapata kazi kwenye kituo kidogo cha runinga kisicho na fedha. Huko alitengeneza kipindi cha watoto wadogo cha kujifunza hesabu. Watoto walimwita Dada Vidole, kwa kuwa alivichora vidole vyake kumi nyuso kumi, kila kimoja na tabia yake. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kizee mwenye kisirani. Baba yake anasema anamjua kizee huyo, ila hatamtaja.

Alirekodi vipindi sitini na vinne. Kisha akaugua homa siku ya Jumatatu, na Ijumaa akawa hayupo. Fundi Robo alikuwa juu ya paa la mteja simu ilipoita. Mpaka leo hapendi kupita kwenye barabara ya nyumba ile.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa mwaka mzima mama hakuwasha runinga. Siku moja mtoto wa jirani akaja mlangoni kumwambia kwamba amemwona Dada Vidole. Kituo kile, kwa kukosa fedha za kutengeneza kipindi kipya, kilikuwa kinavirudia vya zamani kwa mpangilio, kimoja kila Jumamosi saa nne asubuhi. Kikimaliza cha sitini na nne kinaanza tena cha kwanza.

Tangu siku hiyo, Jumamosi katika nyumba hii haina harusi wala msiba. Saa nne watu wapo nyumbani.

Jirani mmoja mwenye huruma aliwahi kurekodi kipindi kwa simu yake akamletea mama. Mama alikitazama mara moja, akashukuru, akairudisha simu.

"Kwenye simu namwona peke yangu," anaeleza. "Hewani anaonwa na watoto wa watu. Saa nne ikifika, kuna mtoto mahali ameketi chini anamsubiri mwanangu. Unanielewa, mwandishi? Anasubiriwa."

Mwandishi wa makala haya alielewa, akaliandika neno hilo la mwisho.

Shida ni setilaiti yenyewe. Kituo maskini hupanga mahali pa bei rahisi, na setilaiti hii imezeeka. Fundi Robo anaieleza kana kwamba anamzungumzia jirani mlevi. Setilaiti iliyo nzima hukaa mahali pamoja angani, dishi linaifuata mara moja na kazi imekwisha. Ili ikae pale hutumia mafuta kidogokidogo kujirekebisha. Hii mafuta yake yamebaki tone, na wenyewe wamelitunza tone hilo kwa kazi ya mwisho. Kwa hiyo wameiacha iyumbe. Kila siku inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na anayeitaka lazima aifuate.

"Mota?" anacheka akiulizwa. "Mota yangu ilikuwa ya kupeleka dishi kushoto na kulia. Hii inakwenda juu na chini. Na hiyo mota yenyewe ilikufa zamani, vipuri vyake havipo hata kwa dawa. Mota ni mimi."

Kipindi ni cha dakika arobaini. Ndani ya dakika hizo setilaiti inasogea kiasi cha kutosha kuivunja picha, kwa sababu mawimbi yake yenyewe ni dhaifu. Kwa hiyo saa nne inapofika na muziki wa Dada Vidole kuanza, baba yake haingii ndani. Anabaki na spana chini ya dishi, sikio dirishani, akifuata kijiko.

Ni miaka miwili sasa tangu setilaiti ianze kuyumba. Katika miaka hiyo miwili Fundi Robo hajamwona binti yake hata dakika moja. Amemsikia tu.

Saa nne kamili. Kipindi cha leo ni cha hamsini na nne, Dada Vidole anahesabu vifungo vya shati. Sauti yake inatoka dirishani ikiwa nyepesi, ya mtu anayekaribia kucheka. "Cha kwanza kimefungwa! Cha pili kimefungwa! Cha tatu... nani amekula kifungo cha tatu?" Fundi Robo, gotini, midomo inatamka naye. Dakika ya kumi na mbili kijiko kinagonga mara mbili na yeye anazungusha robo. Dakika ya ishirini na sita, tena.

"Anafanyaje sasa?" anauliza kuelekea dirishani.

Mke hajibu kwa sauti, hana pumzi ya kufika nje. Ni mwandishi aliyelazimika kumwambia kwamba binti yake amekivisha kidole gumba shati la mdoli na sasa anahangaika kukivua.

"Kizee hataki," anasema baba. "Namjua."

Moyo wa mama umechoka. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba dawa zilizobaki zinausindikiza tu. Hawezi kulala chali, hawezi kutembea hadi mlangoni, na tangu mwaka jana hawezi kupaza sauti, ndipo wakakubaliana kutumia kijiko. Na kana kwamba hilo halitoshi, miezi miwili iliyopita maandishi yalianza kupita chini ya kioo. Setilaiti inastaafishwa, na kituo hakina uwezo wa kuhamia nyingine. Jumamosi ya mwisho imetajwa. Baada ya leo, zimebaki tano.

"Mimi na hiyo setilaiti yake tunashindana nani atatangulia," anasema mama, na anacheka hadi kifua kinamshika.

"Usimchekeshe, mwandishi!" inaingia sauti kutoka nje. "Akicheka anaacha kusoma namba!"

Lakini kuna jambo ambalo halichekeshi nyumba hii, na fundi alilieleza baada ya kipindi kwisha, akiwa ameketi juu ya ndoo, mikono kwenye magoti.

Setilaiti inayoyumba ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Mzunguko wake si wa saa ishirini na nne kamili. Umepungua dakika nne. Palepale ilipokuwa leo saa nne, kesho itapapita saa tatu na dakika hamsini na sita, na keshokutwa mapema zaidi. Kwa hiyo Fundi Robo ana daftari. Kila asubuhi anapunguza dakika nne, anaandika dishi likae wapi, na kwenye chuma cha nati amechora alama kwa rangi nyekundu ya kucha aliyomwomba mkewe. Asipoandika siku moja, kesho yake anakosea kidogo. Asipoandika siku nyingi, anakuwa anaelekeza dishi mahali ambapo setilaiti imeshaondoka.

Mwezi uliopita mama alilazwa hospitali siku kumi na nne. Fundi alilala kwenye benchi la nje ya wodi. Daftari lilikuwa nyumbani.

Wakaruhusiwa Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa amehesabu vipindi kwa vidole kitandani, akajua kinachofuata ni cha hamsini na moja. Alimsihi muuguzi awaharakishie karatasi. Walifika nyumbani saa tatu na nusu. Fundi alimlaza, akampa kijiko, akakimbia uani, akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akaliweka dishi kwenye alama.

Alama ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Ilikuwa imepitwa kwa karibu saa nzima.

"Kijiko hakigongi," anasema. "Nikadhani nimepitiliza, nikarudisha nyuma. Robo, robo, robo. Kumbe haikuwa nyuma. Ilikuwa imeshanitangulia, mimi naifuata kule ilikotoka. Miaka thelathini na moja! Mwanafunzi angekosea hivyo ningemnyang'anya spana."

Alipokumbuka zile dakika nne, akazidisha mara kumi na nne kichwani, akaikimbiza nati mbele bila kujali robo wala nusu, picha ikashika. Binti yake alikuwa anawapungia watoto mkono wa kwaheri.

Kipindi cha hamsini na moja ndicho ambacho Dada Vidole anawasimulia watoto jinsi mama yake alivyokuwa akisoma namba dirishani. Karibu na mwisho anakusanya vidole vyake kumi viwe kama dishi, anatazama mbele na kuuliza, "Mama, ngapi?" Kisha ananyamaza kidogo, akisubiri jibu. Kila kilipoonyeshwa, mama alijibu. Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Zamu nyingine ya kipindi hicho ingefika baada ya mwaka na zaidi, na setilaiti haina mwaka. Mama naye hana.

Fundi alipiga simu kituoni. Mtu wa zamu alimsikiliza vizuri, kisha akasema mpangilio unaendeshwa na mashine na yeye ni mlinzi wa mashine tu. Fundi alimshukuru. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Hakunilaumu," anasema kuhusu mkewe. "Afadhali angenilaumu."

Mume alipokwenda kunawa mikono, mama alimwashiria mwandishi asogee.

"Siku ile kioo kilikuwa cheusi," alinong'ona. "Lakini kile kipindi nakijua. Niliangalia saa ya ukutani. Ilipofika ile dakika anayouliza, nilimjibu."

"Ulimjibu ngapi, mama?"

"Tisini na tisa," alisema. "Mia haifiki, hata setilaiti mpya haifiki. Huyo wa nje hajui. Ukiandika, andika. Atasoma yeye, mimi siwezi kumwambia nikimtazama."

Kabla ya kuondoka, mwandishi alionyeshwa ukurasa wa mwisho wa daftari, wenye hesabu za Jumamosi tano zijazo. Kitu kinachoyumba, anaeleza fundi, kina mahali pa kugeukia. Kikipanda hadi juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, kinatulia. Setilaiti hii pia inatulia, kwa muda wa saa moja hivi, na hapo nati haihitaji kuguswa. Huko nyuma muda huo uliwahi kumpita akiwa amepiga goti bila kujua, na kwa miezi yote hii umekuwa ukiangukia saa nyingine, saa tisa, saa nane, saa saba. Lakini kila siku unasogea dakika nne. Amezipiga hesabu usiku na mchana, akazirudia kwa penseli nyingine asije akajidanganya. Katika Jumamosi ya mwisho, kipindi cha hamsini na tisa, setilaiti itafika mahali pake pa kutulia saa nne na dakika ishirini asubuhi. Katikati ya kipindi.

"Siku hiyo nitakaza nati mapema," anasema. "Nikaze kabisa, niweke spana chini. Ninawe mikono, niingie ndani. Nikae naye dakika zote arobaini, tumtazame wote wawili. Sijawahi kuomba kingine."

Na baada ya hapo? Wenye setilaiti watatumia lile tone la mafuta kuisukuma. Mkewe alikuwa ameogopa itaanguka.

"Nikamwambia hapana, haianguki. Wanaipeleka juu zaidi, mbali na nyingine, ikae huko bila kusumbuliwa. Akaniuliza, 'Una hakika inapanda?' Nikamwambia inapanda. Akalala."

Ndani ya nyumba ameshatengeneza kiti. Ni kile cha zamani cha mbao kilichovunjika mguu. Amekigonga misumari, akakipiga msasa, na kukiweka upande wa kichwa cha kitanda, pale mtu anapoweza kuona runinga na kushika mkono kwa wakati mmoja. Hajakikalia.

Akiwa anamsindikiza mwandishi hadi nje ya geti, alisimama na kukiri kwamba hesabu ya setilaiti anaijua, lakini hesabu ya moyo wa mkewe haijui, na daktari pia hakutaka kuitaja. Wiki tano ni nyingi. Alipoulizwa atafanya nini iwapo mama atakuwa ametangulia, hakukasirika. Alifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa viganja bado vilikuwa na grisi ambayo sabuni haikuitoa.

"Nitakaza nati vilevile," alisema. "Nitaingia, nitakaa kwenye kile kiti mpaka binti yetu amalize kupunga mkono. Mtoto haagwi na chumba kitupu."